Unga wa kupasulia mwamba: jiwe la juu safi sana, chini ya ardhi soma mgandamizo kwanza

Wakuu, huu unga wa kupasulia mwamba bila baruti, ule wa chokaa unaukoroga na maji unamimina kwenye shimo alafu unasubiri, nimeutumia miezi kadhaa sasa na nimeona niuandikie kwa kirefu maana maelezo ya kwenye mfuko yanakupa nusu tu ya habari.

Nianze na jiwe la juu. Itale tupu (graniti), limekaa peke yake, pande zote wazi. Tukatoboa mashimo ya milimita 38 kwa mstari mmoja, sentimita 30 toka shimo hadi shimo, tukakoroga na maji ya baridi, tukamimina tukafunika tukaondoka. Asubuhi nakuta ufa mmoja umeunga mashimo yote, mwembamba kama unywele, jioni unaingiza kidole. Hakuna mlio wala jiwe kuruka. Nikainama kuuangalia kwa karibu, unakata chembe ngumu za kwazi katikati moja kwa moja, ila ukifika kwenye mika, yale madini ya mabapa mabapa, unapinda kidogo kufuata lile bapa alafu unarudi njiani. Nilikaa pale muda mrefu kweli, ni kitu kizuri kukiona.

Kazi inavyofanyika ni hivi, oksidi ya kalsiamu, yaani hiyo chokaa, ikikutana na maji inavimba, na ikiwa imebanwa inasukuma ukuta wa shimo kwa megapaskali (kipimo cha mgandamizo) 30 na kuendelea. Sasa itale ukiikandamiza inavumilia hata 150, mtu anajiuliza hiyo 30 itaifanya nini? Ila mwamba hauvunjiki hapo kwa kukandamizwa, unavunjika kwa kuvutwa. Ukisukuma shimo toka ndani ukuta wake unavutwa kwa mzunguko kama mpira unaojazwa upepo, na itale kwenye kuvutwa inaachia kwenye 10 hivi. Ufa unaanzia penye kasoro, maana nguvu inajikusanya kwenye ncha ya kaufa kadogo kalikokuwepo tangu zamani, jambo ambalo mhandisi Mwingereza Griffith alilieleza mwaka 1921 kwa kutumia kioo.

Hapo unga nauvulia kofia. Kilichonifanya niandike ni chini ya ardhi.

Tulitakiwa kupanua njia mgodini sehemu ambayo baruti hairuhusiwi. Mwamba ni uleule, unga uleule, nafasi zilezile, mstari wa mashimo tukauweka mlalo ukutani. Kesho yake nyufa zimetoka kwenye mashimo zikiwa mlalo kama upana wa vidole viwili, baada ya hapo zote zikapinda, zingine juu zingine chini, hakuna shimo hata moja lililoungana na mwenzake. Nikaulaumu unga, nikafungua mfuko mwingine, nikarudia, ikawa vilevile!

Kumbe sio unga. Kila mita 100 za mwamba juu ya kichwa chako ni kama megapaskali 2.7 za kukandamiza kwa wima, na pembeni mwa njia uliyochimba huo mgandamizo unajikusanya mara mbili hadi tatu. Ufa wa mlalo ili ufunguke lazima uunyanyue mzigo wote huo, ufa wa wima haunyanyui kitu, kwa hiyo ufa unageukia upande ambao mwamba umekandamizwa zaidi. Karibu na shimo unga ndio bosi, ukienda mbali kidogo mwamba ndio unaamua, maana unga ni uji mzito haukimbilii ndani ya ufa kama gesi ya baruti.

Shimo la nne ndio lilinifundisha zaidi. Jirani yake kulikuwa na ufa wa zamani umelala kama digrii 45, unga ulipoanza kusukuma zile kuta mbili za ufa wa zamani zikateleza, alafu kwenye ncha zake zikachomoza nyufa mpya mbili kama mabawa, zikajipinda hadi zikawa wima. Tulipobomoa nikaona tofauti kwa macho, uso uliofunguka kwa kuvutwa ni safi chembe zinang'aa, uso ulioteleza umepakwa vumbi jeupe na una michirizi ukiupitishia kidole.

Tukabadilisha. Mistari ya wima, sentimita 20, kila baada ya shimo lenye unga tukaacha moja tupu la kuuonyesha ufa njia, tukaanzia upande ulio wazi na hatukumimina mstari wa pili mpaka wa kwanza ufunguke. Ikakubali.

Onyo la dhati kabisa: kuna unga wa baridi, wa kutumia penye baridi, na unga wa joto, wa kutumia penye joto. Muuzaji mmoja alitupa wa baridi wakati sisi tunafanya kazi penye joto, uji ukaanza kufuka mvuke tukiwa bado tunamimina, ukafyatuka toka shimoni kama risasi. Mwenzangu miwani ya kinga ndio iliyookoa macho yake. Usichungulie shimo hata kwa sekunde moja.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu jedwali la mfukoni linauliza mwamba ni laini au mgumu tu, haliulizi umebanwa toka wapi, wakati hilo ndio lililotupotezea wiki nzima.