Kozi ya Tiba ya Wagonjwa Mahututi kwa Madaktari, Unguja

Kozi hii fupi, niliyoihudhuria mjini Unguja pamoja na madaktari wenzangu wa Pemba, ilifaulu zaidi katika somo la mashine ya kupumulia, ambapo mkufunzi alitutaka tukokotoe hewa ya kila pumzi, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu na jinsia ya mgonjwa, wala si uzito wa mizani (kosa la kawaida mno wodini). Somo la dawa za usingizi lilipitiwa juu juu. Kozi hii haiwezi kushika nafasi ya ubobezi wa tiba ya wagonjwa mahututi, ambao Marekani huchukua miaka 2 baada ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, lakini kwa daktari wa zamu kule Chake Chake naipendekeza, hasa waandaaji wakiongeza saa za mazoezi kando ya kitanda.