Kabati la Kuchajia Laptopu 30 kutoka Kamukunji

Kituo chetu cha mafunzo ya kompyuta, kilichoko Umoja, Nairobi, kina laptopu 30, na kwa miaka miwili tulizichaji kwa ekstensheni zilizochomekwa moja ndani ya nyingine sakafuni, jambo lililonikosesha usingizi kila nilipofunga mlango jioni. Muhula uliopita tuliagiza kabati la chuma kutoka karakana moja ya Kamukunji, mahali panapojulikana zaidi kwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, na sasa naweza kulisifu kwa dhati, ingawa halikutufikia likiwa kamili.

Sifa yake kubwa imo ndani, kwenye nyaya. Adapta 30 za wati 65 zikifanya kazi kwa pamoja, ukijumlisha na umeme unaopotea kama joto, huvuta zaidi ya wati 2,100, yaani takriban ampea 9 kwa umeme wetu wa volti 240, na mzigo huo soketi ya ampea 13 huumudu. Penye taabu ni pale zinapowaka: kapasita za adapta, yaani vijenzi vya ndani vinavyohifadhi umeme, zikiwa tupu hunyonya umeme mwingi mno kwa muda usiofikia kupepesa jicho, na zote zikiwaka papo hapo, sakiti breka, ile swichi inayozima umeme mkondo ukizidi, hukata. Hapa Nairobi jambo hilo hujirudia kila stima inapopotea na kurudi. Fundi alizigawa laptopu katika makundi matatu, kumi kumi, akaliwekea kila kundi taima yake, hivi kwamba stima ikirudi makundi huwaka moja baada ya jingine, yakiachana kwa sekunde kumi. Tangu siku hiyo breka haijakata hata mara moja. Tena aliunganisha mwili wa kabati na mlango wake kwenye waya wa ardhini, unaokinga mtu asipigwe na umeme ukivuja, bila kuambiwa, na kwa chuma kinachoshikwa na watoto kutwa nzima, hilo lilinipa imani naye.

Kasoro ilikuwa joto. Matundu ya hewa yalitobolewa chini peke yake, na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, adapta za rafu ya juu zilikuwa hazishikiki ifikapo saa sita mchana. Betri za lithiamu zinazochajiwa katika joto kali huchakaa upesi, na betri mpya ni ghali kwa kituo kama chetu. Nilipompigia simu, fundi alikuja mwenyewe, akatoboa matundu upande wa juu, akafunga feni mbili za kutoa hewa na kuzihamishia adapta nyuma, mbali na laptopu. Alitutoza bei ya feni tu.

Atakayeagiza kabati kama hili adai feni na matundu ya juu kabla halijapakwa rangi, kwa maana kingo zilizokatwa baadaye kwenye kabati letu zimeanza kuota kutu.