Kati ya miji ya Iran, Kashan au Shiraz?

Kwa nyumba za kale, nakwenda Kashan bila kusita. Nyumba ya Tabatabaei, ya karne ya 19, imeshushwa chini ya usawa wa barabara kukwepa joto la jangwani, na minara ya kunasa upepo huteremsha hewa hadi vyumba vya chini. Nilikaa nikitazama vioo vya rangi vikimwaga wekundu na buluu juu ya sakafu, nikashindwa kuondoka. Shiraz inayo nyumba ya Narenjestan, yenye bustani ya midanzi, nzuri kweli, lakini haikunishika moyo vile.

Sokoni mambo yanageuka. Soko la Vakil la Shiraz, la enzi za mtawala Karim Khan Zand katika karne ya 18, lina matao marefu ya matofali, na ndani yake mazulia, shaba na viungo. La Kashan ni tulivu zaidi. Humo usikose kuba la Timcheh ya Amin od-Dowleh, ukumbi wa wafanyabiashara.

Chakula? Shiraz, kwa faludeh tu: tambi nyembamba za wanga zilizogandishwa kwenye sharubati ya maji ya waridi, kisha unakamulia ndimu. Ila waridi lenyewe lifuate Qamsar, jirani na Kashan, mwezi Mei, masufuria ya shaba yanapochemka kutoa maji ya waridi.