Rangi ya Gari Jipya: Waksi au Seramiki?
Gari likishatoka bandarini Dar es Salaam, mabishano huanza: lipigwe waksi, yaani nta ya kulinda rangi, au lipakwe seramiki?

Kwa bei, waksi haina mpinzani. Kopo moja linapaka mara nyingi, na unaipaka mwenyewe kivulini kwa kitambaa laini. Shida ni kudumu. Kwa jua letu na kuoshwa kila mara, baada ya wiki kadhaa maji hayajikusanyi tena matone kwenye boneti, yanatandaa tu. Hapo ujue imekwisha.

Seramiki ni kimiminika chenye silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo) kinachoshikana na rangi na kukauka kuwa utando mgumu. Ikipakwa vizuri hudumu miaka 2 au zaidi. Gharama kubwa iko kwenye maandalizi: kuosha, kutoa uchafu ulioganda, kusugua mikwaruzo kwa polishi. Ukiruka hatua hiyo, mikwaruzo inafungiwa ndani, na kuirekebisha lazima utando wenyewe uondolewe kwa polishi. Fundi mwenye haraka mkimbie kabisa!

Matunzo hayapishani sana. Tumia shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Kinyesi cha kunguru kifute siku hiyohiyo, maana kina asidi na huweza kuacha doa hata juu ya seramiki. Kokoto za barabarani hakuna inayozizuia kati ya hizi mbili. Hiyo ni kazi ya plastiki maalumu ya kubandika.

Unaegesha juani kutwa na unapanga kukaa na gari miaka mingi? Lipia seramiki. Linalala bandani, una Jumamosi huru, au unapanga kuuza mwakani? Waksi inakutosha.