OpenEpi: inahesabu sampuli vizuri, kuchagua watu ni juu yako

Mwanafunzi wa uuguzi jijini Nairobi anayeandaa pendekezo la utafiti hana haja ya kumlipa mtu wa saiba amhesabie sampuli. OpenEpi ni programu ya bure ya kukokotoa takwimu za afya, hufunguka kwenye kivinjari, na ukiipakua hutumika hata bila intaneti. Sura yake ni ya kizamani. Nyota 4 kati ya 5.

Sehemu ya kukadiria asilimia inataka vitu vinne: idadi ya walengwa, asilimia unayotarajia, kosa unaloweza kuvumilia (jibu lipotoke kwa kiasi gani juu au chini) na athari ya muundo (sampuli iongezwe mara ngapi kwa sababu ya namna ya kuchagua watu). Mtego uko kwenye namba zilizojazwa tayari: walengwa 1,000,000, asilimia 50, kosa 5. Ukibonyeza bila kugusa kitu unapata 384, ile inayozagaa kwenye tasnifu, hata za hospitali yenye wauguzi 420. Weka 420 na jibu hushuka hadi 201, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Fomula ya Yamane, njia fupi ya kukokotoa sampuli na kipenzi cha wasimamizi, hutoa 205 kwa kuwa huifanya 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, kuwa 2. Chagua moja uishikilie.

Programu haijui kwamba wapo watakaokataa hojaji. Ukitarajia asilimia 10 wasijibu, gawanya 201 kwa 0.9: wauguzi 224. Wengi huongeza asilimia 10 juu ya 201, wakapata 222, kisha mwishoni wanapungukiwa.

Athari ya muundo huachwa 1 pale tu unapochagua mtu mmojammoja. Ukichukua wodi au vituo vizima, ipandishe. Wauguzi wa kituo kimoja wana mkubwa mmoja na vifaa vilevile, hivyo majibu yao hufanana.

Kugawa kwa matabaka, yaani kila wodi ipate sehemu yake kulingana na ukubwa, utafanya kwa mkono. Tuseme wodi ya mahututi ina wauguzi 60, uzazi 120, upasuaji 90, magonjwa ya ndani 150. Zidisha kila idadi kwa 224, gawanya kwa 420: 32, 64, 48 na 80. Sasa usikimbilie kuruka majina kwa hatua sawa. 420 kwa 224 ni 1.875, ukiruka kwa 2 unaambulia 210, ukienda kwa 1 nafasi hujaa kabla ya mwisho wa orodha na waliobaki hawakuwa na bahati yoyote. Tumia namba nasibu ndani ya kila wodi, OpenEpi inazo. Na majina yatoke kwa ofisi ya wafanyakazi, si kwenye rota ya zamu iliyobandikwa ukutani, ambayo huwakosa walio likizo na masomoni.

Anayetaka kulinganisha wodi asitumie sehemu hii kabisa. Ipo nyingine ya makundi mawili. Hao 224 wanatosha kwa hospitali nzima tu. Wauguzi 29 wakijibu (wale 32 ukitoa asilimia 10) kati ya 60 wa mahututi, kosa la wodi hiyo peke yake ni takriban asilimia 13.