Ubao wa mbao tupu baada ya miaka miwili ya kaboni

Kwenye mpira wa meza, mpira ulionitesa zaidi haukuwa smashi. Ulikuwa ule mfupi uliokatwa kwa chini, unaodondoka karibu na wavu na kutaka urudishwe polepole. Kila nikiusukuma ulipanda juu kama puto, mpinzani akaumalizia kwa raha zake. Nililaumu kiwiko, nikalaumu miguu. Jioni moja mwenzangu wa mazoezi akaniazima raketi yake. Nikausukuma mpira wa kwanza, ukapita juu ya wavu ukiwa umelala. Kumbe ubaya niliushika mkononi siku zote.

Ubao wangu wa zamani, yaani ule mwili wa raketi unaobandikwa raba, ulikuwa wa kaboni: mbao yenye tando za nyuzi za kaboni ndani. Niliununua kwa sababu mabingwa wanautumia, sababu ya kitoto kabisa. Sheria inataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao ya asili, na kila utando wa nyuzi usizidi milimita 0.35. Ni kitu chembamba, lakini kinatosha kuugeuza ubao tabia: unakuwa mgumu, mpira hautulii, umeshaondoka kabla hujaamua unaupeleka wapi. Anayevurumisha mapigo marefu kutoka mbali na meza, kaboni ni rafiki yake. Mimi nasimama hatua moja tu nyuma ya meza, nazuia kwa bekihendi, upande wa mgongo wa mkono, nangoja nafasi ya kuzungusha topspini, mpira unaobiringika kwenda mbele, kwa fohendi, upande wa kiganja. Kasi ile sikuwa na pa kuipeleka.

Sasa natumia Stiga Allround Classic, matabaka matano ya mbao tupu. Kabla ya kubandika raba niliudundisha mpira juu yake, kisha juu ya ule wa kaboni. Wa kaboni ulilia "ti", huu ukalia "to". Sauti ikiwa nyembamba, ubao ni mgumu. Ikiwa nzito, ubao unanyumbuka. Masikio yako yatakwambia mengi kuliko namba za kasi zilizoandikwa kwenye boksi, ambazo kila kampuni hupima kwa mizani yake.

Upande wa fohendi nimeweka DHS Hurricane 3 nyeusi. Hii raba inanata hasa. Ifute, kandamiza mpira juu yake, kisha inua raketi: mpira unaning'inia kidogo kabla ya kuachia. Sponji yake, lile tabaka la chini ya raba, ni ngumu na haimbebi mvivu. Ukiupapasa mpira, unafia wavuni. Ukizungusha kiuno na kuukwangua mpira kwa juu, unapaa, unapinda, unashuka upande wa pili na kuruka mbele ghafla. Sevu fupi, mipira ya kuanzisha, nazo zimenogea. Anayependa kupiga bapa kwa kifundo cha mkono tu, aipishe.

Bekihendi ina Yasaka Mark V nyekundu, sponji ya milimita 1.8. Vijana wananicheka, maana raba hii ipo tangu 1969, enzi za mpira wa selulodi wa milimita 38. Wacheke tu. Sikuchukua sponji nene kwa makusudi: ikiwa nyembamba, mpira unaufikia ubao mapema, na kwenye kuzuia nausikia mkononi. Topspini ya mtu nairudisha kwa kuweka raketi tu, bila kuhangaika.

Kubandika nilifanya mwenyewe, na mara ya kwanza niliboronga. Gundi ya maji ni nyeupe kama maziwa. Inabidi ungoje mpaka weupe wote uishe, kwenye ubao na kwenye sponji. Mimi nilikuwa na haraka. Kesho yake kukawa na uvimbe wa ukubwa wa kifungo cha shati katikati ya raba, mpira ukigonga hapo unatoa sauti ya mlango uliooza. Nikabandua, nikaanza upya, nikaibingirishia chupa ya kioo kutoka kwenye mpini kwenda juu. Kukata kingo, wembe uwe mpya.

Kinachonisumbua ni uzito. Ubao una gramu 84, lakini raba zote mbili zikishakaa raketi inafika 176 na kichwa kinavuta chini. Wiki ya kwanza kifundo kiliuma. Tena nguvu ya kumaliza imepungua: pointi niliyokuwa naichukua kwa pigo moja, siku nilipobahatisha, sasa inanidai mapigo matatu. Kwangu ni biashara nzuri, kwa sababu siku za kubahatisha zilikuwa chache.

Kuhusu raba za vinundu virefu, waachie wanaojilinda kwa kukata wakiwa mbali. Ukizinunua ili kumvuruga mwenzako, utavurugika wewe kwanza.

Mark V ikichakaa nitabandika ileile. Labda ya sponji ya milimita 2.0, nikijipa moyo.