Masomo ya Kijapani yaliyoandaliwa tayari: uzoefu wangu darasani

Natumia vifurushi vya kununua mtandaoni, yaani slaidi, kadi za maneno na karatasi za mazoezi, pamoja na Irodori, kitabu cha Japan Foundation kinachopakuliwa bure. Vinaokoa muda mwingi wa maandalizi, ila usiingize kitu darasani kabla ya kukikagua. Anza na fonti.

Vifurushi vingi vimechapwa kwa fonti ya kawaida ya kompyuta, inayounganisha mistari ya herufi za Kijapani き (ki), さ (sa) na り (ri). Kwa mkono き ina mistari minne, さ mitatu, na ile miwili ya り haigusani. Mwanafunzi hunakili anachokiona, na akishazoea き ya mistari mitatu, kumrudisha ni kazi kubwa. Faili likifunguka kwa PowerPoint, badilisha maandishi yote yawe UD Digi Kyokasho, fonti inayofuata maumbo ya vitabu vya shule. Windows 10 inayo tangu 2017. Usipoiona, iongeze pamoja na fonti za ziada za Kijapani kwenye mipangilio. Halafu hifadhi kama PDF kabla ya kwenda stesheneri. Kompyuta ya pale isipokuwa na fonti hiyo huweka nyingine, wakati mwingine ya Kichina, na kanji (herufi zenye asili ya Kichina) kama 直 hutoka na umbo ambalo Mjapani haandiki.

Romaji, yaani Kijapani kwa herufi za Kilatini, chini ya kila hiragana (herufi za silabi kama き) ndiyo inayowaponza zaidi watoto wetu. Ka, shi, nya husomeka kama Kiswahili, basi macho yanaishia hapo na hiragana haiguswi. Mstari wa a (a, i, u, e, o) na wa ka (ka, ki, ku, ke, ko) ukishaeleweka, futa romaji zake kwenye slaidi, na uendelee hivyo mstari kwa mstari. Kibaya zaidi, baadhi ya vifurushi huandika "obasan" kwa shangazi na kwa bibi pia, bila kuonyesha irabu ndefu. Sisi tumezoea kuvuta silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo shangazi anageuka bibi papo hapo. Wapigishe makofi: o-ba-sa-n manne, o-ba-a-sa-n matano.

Somo la saa lazima ulitengeneze upya. Ukichora saa ya mishale, mtoto anayeona mshale mfupi kwenye 7 anasema saa moja, kisha anaandika ichiji, yaani 1:00 kwa Kijapani. Weka tarakimu tupu, 7:00, na jibu ni shichiji. Yoji (4:00) na kuji (9:00) zipewe mazoezi yake, kwa sababu wengi husema yonji na kyuuji. Dakika ziache kipindi kingine: ippun, nifun, sanpun (dakika moja, mbili, tatu) ni mzigo peke yake, na vifurushi vilivyopangwa kwa saa nzima huzirundika humo humo. Kipindi cha dakika 40 kinatosha kufika "han", yaani nusu.

Irodori ina ngazi tatu, kila moja masomo 18, na nguvu yake ni sauti. Zipakue mara moja, zimepangwa kwa somo, nawe utazicheza kwa simu na spika ndogo hata intaneti ikikatika. Kimeandikwa kwa watu wazima wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japani, kwa hiyo kwenye ngazi ya kwanza mimi huchukua chakula, dukani na kutembea mjini, na sehemu za kazini naziruka.

Pesa yangu naiweka kwenye kadi za michezo tu. Seti moja inatosha watoto wanne. Chapisha kwenye karatasi nzito, na kama rangi ndiyo inayotofautisha makundi ya kadi, andika namba nyuma, maana fotokopi nyeusi huifuta tofauti hiyo yote.